Jinsi ya kupima g kwa pendulamu na kuikokotoa kwa Python: mwongozo kamili

Ukikusanya madaftari ya darasa lililopima g, yaani mchapuko wa kitu kinachovutwa na dunia, kwa pendulamu (kitu kizito kinachobembea kwenye uzi), utakuta namba tatu zinajirudia kwenye mstari wa mwisho: 10.8, 12 na 39. Jibu linalotafutwa ni karibu 9.8. Mwanafunzi akiona 10.8 hulaumu upepo, uzi au saa, kisha anabadilisha namba za jedwali kimyakimya mpaka jibu likae sawa. Kubadilisha huko ni kosa kubwa kuliko lile la kwanza, maana kila moja ya namba hizo tatu ina chanzo kinachojulikana na dawa yake huchukua dakika chache.

Mwongozo huu unaanzia kufunga uzi na kuishia kwenye programu fupi ya Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, inayokupa jibu. Kama shule yako haina maabara, usiuache. Jaribio hili linafanyika nyumbani kwa vitu vya dukani.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Uzi mwembamba usiovutika, kama mita 1.5. Uzi wa kushonea ulio imara unafaa. Epuka mpira, na epuka nailoni inayorefuka ukiivuta.
- Chubwi dogo la mviringo, yaani ile risasi wanayofunga wavuvi kwenye mshipi. Ukilikosa, tumia nati nzito ya chuma.
- Standi na klampu pamoja na kizibo cha chupa cha koki kilichopasuliwa katikati. Nyumbani, rula mbili ngumu zilizobanwa pamoja kwenye ukingo wa meza zinatosha.
- Rula ya mita moja au futi ya fundi.
- Saa ya kupimia sekunde. Ya kwenye simu inafaa kwa mazoezi, ila jizoeze pia na ile ya mkononi, kwa sababu simu haiingii kwenye chumba cha mtihani.
- Karatasi ya grafu, penseli iliyochongwa na kifutio.
- Kompyuta au simu yenye Python. Kama hakuna, ishia Hatua ya 6. Jibu lako litakuwa halali kabisa.

Zima pangaboi na funga dirisha linaloingiza upepo kabla hujaanza.

## Unachotafuta

Herufi g ni mchapuko, yaani kiwango cha kuongezeka kwa kasi kila sekunde, wa kitu kinachoanguka kwa kuvutwa na dunia. Pendulamu inakuonyesha g kwa njia isiyo ya moja kwa moja: hupimi kitu kikianguka, unapima muda wa kubembea. Kanuni ni hii:

T² = (4π² ÷ g) × l

T ni muda wa mbembeo mmoja kamili kwa sekunde, na l ni urefu wa pendulamu kwa mita. Uzito wa chubwi haumo kabisa kwenye kanuni, na si kwamba umesahauliwa. Chubwi zito na jepesi, urefu ukiwa uleule, hubembea kwa muda uleule. Tunachagua zito kwa sababu hewa hailisumbui sana.

Ukichora T² kwenye mhimili wa wima na l kwenye mhimili wa mlalo, utapata mstari ulionyooka. Mteremko wake ni 4π² ÷ g. Kazi yote iliyobaki ni kuupata mteremko huo kwa uaminifu.

## Hatua ya 1: Ning'iniza chubwi

Pitisha uzi katikati ya vipande viwili vya kizibo, kisha banisha kwa klampu. Vipande viwe na kingo kali na zilizosawazika kwa chini, ili uzi ubembee kutoka nukta moja tu.

Ukifunga uzi kwa kuuzungusha kwenye fimbo ya standi, urefu utabadilika kila chubwi linapokwenda na kurudi, maana uzi utakuwa unajikunja na kujikunjua kwenye fimbo. Hili huonekana dogo kwa macho lakini huharibu jaribio zima.

Umefaulu ikiwa ukilivuta chubwi na kuliachia, sehemu ya uzi iliyo juu ya kizibo haitikisiki hata kidogo.

## Hatua ya 2: Pima l mpaka katikati ya chubwi

Hapa ndipo wengi wanapoteleza kwa mara ya kwanza. Wanapima uzi kutoka kwenye kizibo mpaka kwenye fundo, wanaandika sentimita 20, wanaendelea. Lakini l huishia katikati ya chubwi, si kwenye fundo.

Tuseme katikati ya chubwi iko sentimita 1.5 chini ya fundo. Pendulamu uliyoiita sm 20 ni ya sm 21.5 kwa kweli. Ukitumia kipimo hicho kimoja kukokotoa g, utapata karibu 9.1. Kwenye uzi wa mita moja kosa hilohilo halionekani sana, kwa sababu sentimita 1.5 ni kidogo mbele ya 100. Ndiyo maana pendulamu fupi ndizo zinazowaumbua watu.

Fanya hivi. Weka chubwi mezani, libane kwa viberiti viwili vilivyosimama wima, upime umbali kati ya viberiti. Hicho ndicho kipenyo. Kigawe kwa mbili, ujumlishe na urefu wa uzi kutoka kizibo mpaka linapoanzia chubwi. Pima uzi chubwi likiwa limening'inia, usiupime ukiwa umelala mezani, kwa kuwa uzito wa chubwi huunyoosha. Soma rula jicho likiwa sawia na alama, lisiwe juu wala chini yake.

Anza na sm 100.

## Hatua ya 3: Vuta kidogo tu

Kanuni tuliyoandika ni sahihi kwa pembe ndogo. Usizidishe nyuzi 10 kutoka wima. Huhitaji kipimapembe: kwa uzi wa sm 100 vuta chubwi pembeni sm 15, na kwa uzi wa sm 20 vuta sm 3 tu.

Pembe ikiwa nyuzi 10, T hurefuka kwa takriban sehemu 2 katika 1,000, kiasi ambacho saa yako haikioni. Ikiwa nyuzi 30, T hurefuka kwa karibu asilimia 1.7 na g yako inashuka mpaka karibu 9.45. Ikiwa nyuzi 60, unaangukia karibu 8.5. Watoto wanapenda kuivuta sana kwa sababu inapendeza kuitazama.

Achia bila kusukuma. Tazama kwa juu: chubwi liende na kurudi kwenye mstari mmoja. Likianza kuchora duara au yai, lisimamishe uanze upya, kwa kuwa hiyo si pendulamu ya kanuni hii tena.

## Hatua ya 4: Hesabu kuanzia sifuri

Sasa tumefika kwenye kosa linalozaa 10.8 na 12. Nakuomba uisome hatua hii mara mbili.

Mbembeo mmoja kamili ni chubwi kupita mahali fulani, kwenda upande mmoja, kurudi, kwenda upande wa pili, kisha kupita tena mahali palepale likielekea upande uleule. Simamisha penseli nyuma ya uzi, pale uzi unapotulia chubwi likiwa halibembei. Hiyo ndiyo alama yako.

Acha chubwi libembee mara mbili tatu litulie. Kisha, uzi unapopita mbele ya penseli kuelekea kulia, bonyeza saa na useme sifuri. Unapopita tena kuelekea kulia, sema moja. Endelea hivyo. Ukisema ishirini, bonyeza saa.

Kwa nini sifuri? Kwa sababu saa inapoanza, hakuna mbembeo uliokwisha. Vidole vitano vya mkono vina nafasi nne kati yake. Ukisema "moja" wakati wa kubonyeza, ukifika ishirini umepima mibembeo 19 huku ukiamini ni 20. T yako imepungua kwa asilimia 5, na kwa kuwa T inaingia kwenye kanuni ikiwa T², g inapanda mpaka 10.8. Ukihesabu 10 badala ya 20 kwa mtindo huohuo, unapata 12.

Na 39? Huyo amehesabu kila chubwi lilipopita penseli, kulia na kushoto. Amepima nusu mbembeo akaiita mbembeo mzima. T ikigawanywa kwa mbili, g inazidishwa kwa nne.

Mbona tunapima pale katikati, si kule chubwi linakogeukia? Kwenye kugeuka, chubwi hukawia, na jicho halijui ni wakati gani hasa limesimama. Katikati linapita kwa kasi yake kubwa kuliko zote, hivyo wakati wa kupita uko wazi.

Na mbona ishirini? Mkono wa binadamu huchelewa kubonyeza kwa takriban sekunde 0.2. Ukipima mbembeo mmoja wa sekunde 2, huo ni upotevu wa asilimia 10. Ukipima ishirini, ucheleweshaji huo unagawanywa kwa ishirini na kila mbembeo unabeba sekunde 0.01 tu.

Umefaulu ikiwa kwa uzi wa sm 100 mibembeo 20 imechukua takriban sekunde 40. Ukipata 38, umehesabu kuanzia moja. Ukipata 20, umehesabu nusu. Usiendelee kabla ya kupata 40.

## Hatua ya 5: Rudia kwa urefu mwingine

Fupisha uzi mpaka l iwe sm 80, kisha 60, 40 na 20. Kwa kila urefu pima mara mbili na uchukue wastani. Vipimo viwili vikitofautiana kwa zaidi ya nusu sekunde, kimoja kimekosewa, kwa hiyo pima cha tatu.

Andika kila kipimo pale pale kinapopatikana, kwa kalamu. Usikiandike kiganjani ili ukinakili baadaye.

Jedwali liwe na vitengo kwenye vichwa vyake. Hizi ni namba za mfano, nazo tutazitumia mpaka mwisho:

| l, m | muda wa mibembeo 20, s | T, s | T², s² |
|---|---|---|---|
| 0.20 | 18.03 | 0.902 | 0.813 |
| 0.40 | 25.36 | 1.268 | 1.608 |
| 0.60 | 31.18 | 1.559 | 2.430 |
| 0.80 | 35.90 | 1.795 | 3.222 |
| 1.00 | 40.22 | 2.011 | 4.044 |

Badilisha sentimita kuwa mita hapa hapa. Ukisahau, jibu lako litakuwa karibu 978.

## Hatua ya 6: Chora grafu

Mhimili wa wima ni T², wa mlalo ni l. Chagua skeli inayofanya nukta zako zienee zaidi ya nusu ya karatasi, na kila mraba mkubwa uwe 1, 2 au 5 ya kitu fulani. Skeli ya 3 au 7 huleta makosa ya kusoma bila sababu.

Weka nukta kwa alama ndogo ya msalaba. Kisha chora mstari mmoja ulionyooka kwa rula, nukta zigawanyike sawa juu na chini yake. Usiunganishe nukta kwa nukta. Wala usiulazimishe mstari upite kwenye sifuri, kwa sababu ukiulazimisha unafuta ushahidi tutakaouhitaji sasa hivi.

Kupata mteremko, chagua nukta mbili zilizo kwenye mstari wenyewe na zilizo mbali, kisha chora pembetatu kubwa. Usichukue namba za jedwali, maana mstari tayari umesawazisha makosa madogo ya vipimo vyako vyote vitano, na ukirudi kwenye jedwali unayarudisha. Gawanya tofauti ya T² kwa tofauti ya l.

Mteremko wa karibu 4.0 ni dalili njema. Halafu g = 39.48 ÷ mteremko, ambapo 39.48 ni 4π².

Sasa tazama mstari unakata wapi mhimili wa wima. Mahali hapo tutapaita mkato. Ukikata kwenye sifuri, au karibu nayo sana, l yako ilikuwa sahihi. Ukikata juu ya sifuri, tuseme kwenye 0.06, gawanya kwa mteremko: 0.06 ÷ 4.04 ni karibu 0.015, yaani sentimita 1.5. Hicho ni kile kipande cha kutoka kwenye fundo hadi katikati ya chubwi ambacho hukukipima! Na mteremko, pamoja na g, umebaki sahihi vilevile, kwa kuwa kosa lililo sawa kwa kila urefu huusogeza mstari juu bila kuubadilisha mwinamo wake. Ndiyo sababu mtihani unakudai grafu badala ya kukuacha ukokotoe kutoka kwenye kipimo kimoja. Kwangu mimi, hili ndilo jambo zuri kuliko yote katika jaribio hili.

## Hatua ya 7: Iandikie programu

Watu wawili wakichora mstari kwa jicho, watapata miteremko miwili. Kompyuta hutafuta mstari ambao jumla ya miraba ya umbali wa nukta kutoka kwake, kwa wima, ni ndogo kuliko ya mstari mwingine wowote. Andika haya kwa mkono wako, usinakili na kubandika, maana vidole hujifunza pia:

```
urefu = [0.20, 0.40, 0.60, 0.80, 1.00]
muda = [18.03, 25.36, 31.18, 35.90, 40.22]
mibembeo = 20
pi = 3.14159

T2 = []
for t in muda:
    T = t / mibembeo
    T2.append(T * T)

n = len(urefu)
wastani_l = sum(urefu) / n
wastani_T2 = sum(T2) / n

juu = 0
chini = 0
for i in range(n):
    tofauti = urefu[i] - wastani_l
    juu = juu + tofauti * (T2[i] - wastani_T2)
    chini = chini + tofauti * tofauti

mteremko = juu / chini
mkato = wastani_T2 - mteremko * wastani_l
g = 4 * pi * pi / mteremko

print("Mteremko:", round(mteremko, 2))
print("Mkato:", round(mkato, 3))
print("g:", round(g, 2))
```

Mistari miwili ya kwanza ni orodha, yaani jina moja linalobeba namba nyingi kwa mpangilio. Neno `for` huanzisha kitanzi: kazi iliyo chini yake inarudiwa kwa kila namba ya orodha. Kitanzi cha kwanza kinafanya ile kazi uliyoifanya kwa kalamu kwenye safu mbili za mwisho za jedwali.

Kitanzi cha pili kinahitaji utulivu zaidi. Herufi `i` ni nafasi ya namba ndani ya orodha, na Python huhesabu nafasi kuanzia sifuri. `urefu[0]` ni 0.20, na `urefu[4]` ni 1.00. Hakuna `urefu[5]`, ingawa orodha ina namba tano. Ni kanuni ileile ya Hatua ya 4, na wanaoanza kuandika programu hunaswa na kosa lilelile lililowanasa kwenye pendulamu. Aliyelielewa kwa saa mkononi halimsumbui tena kwenye kompyuta.

Tahadhari tatu. Desimali ni nukta, si koma: ukiandika 0,20 Python itaona namba mbili. Mistari iliyoingia ndani chini ya `for` iingie kwa nafasi zilizo sawa, kama hizi nne za mfano; zikipishana, programu inaweza kukataa kuanza. Na orodha mbili ziwe na namba sawa. `muda` ikipungukiwa, programu itasimama na kulalamika. `urefu` ikipungukiwa, haitalalamika. Itakupa mkato wa uongo, ambao ni hatari zaidi.

Kwa namba za mfano, inatakiwa itoke hivi:

```
Mteremko: 4.04
Mkato: 0.0
g: 9.78
```

Ukipata hivyo, programu yako ni nzima. Ndipo ubadilishe orodha mbili za juu uweke vipimo vyako. Usiweke vyako kabla ya kuipima kwa mfano, maana jibu likiwa baya hutajua kama kosa liko kwenye uzi au kwenye programu.

## Hatua ya 8: Soma jibu lako

Kwa vifaa vya shule, chochote kati ya 9.6 na 10.0 ni kazi nzuri. Vitabu huandika 9.8, au 10 kwa urahisi wa hesabu. Pwani yetu ya Afrika Mashariki, karibu na ikweta, g ni takriban 9.78, wakati London ni 9.81. Dunia imetuna kidogo kwenye ikweta na mzunguko wake unapunguza kidogo. Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, iko chini zaidi kwa kiasi ambacho saa ya mkononi haiwezi kukionyesha.

Jibu likitoka nje ya hapo, tafuta hapa:

- 10.8: umehesabu 20 kuanzia moja. Rudi Hatua ya 4.
- 12: kosa hilohilo, kwa mibembeo 10.
- 39: umehesabu nusu mibembeo.
- 9.4 au chini kidogo: pembe kubwa.
- 9.1, uliyokokotoa kwa kipimo kimoja cha pendulamu fupi: umepima mpaka kwenye fundo.
- 978: hukubadilisha sentimita.
- 0.02: hukugawanya muda kwa 20.
- Karibu 160: umegeuza mihimili, T² imelala. Usichore upya, zidisha mteremko huo kwa 39.48 badala ya kugawanya.

Kama umehesabu kuanzia moja na muda wa kupima upya haupo, andika ukweli: mibembeo ilikuwa 19, ugawanye muda kwa 19. Vipimo vyenyewe havina kosa. Kilichokosewa ni idadi, na ukiisahihisha waziwazi umefanya sayansi. Ukifuta namba na kuweka za kubuni, mwalimu mzoefu hulitambua mara moja jedwali ambalo nukta zake zote zimelala juu ya mstari bila kuyumba.

## Tumia programu hiyohiyo kwa springi

Jaribio la uzito unaopanda na kushuka kwenye springi lina kanuni ya sura ileile: T² = (4π² ÷ k) × m, ambapo m ni kilo ulizoning'iniza na k ni ugumu wa springi. Weka m kwenye orodha ya `urefu`, badilisha jina la `g` kuwa `k` mahali lilipo, na programu itakupa k kwa niutoni kwa mita bila kubadilisha hesabu hata moja.

Ila safari hii usishtuke mkato usipokuwa sifuri. Springi yenyewe ina uzito, nayo hubembea pamoja na mzigo. Ukigawanya mkato kwa mteremko utapata takriban theluthi moja ya uzito wa springi, kwa kilo. Ipime kwenye mizani ulinganishe.